Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi fundi cherehani aliwamiminia wanawe chai, na kila asubuhi binti yake alitamani kupiga kelele. Mama huyo alizoea kuzifungia nguo za kila mteja uzi wa rangi yake, zisichanganyike. Tangu mwanawe kinyozi apimwe na kukutwa na virusi vya Ukimwi, kikombe chake nacho kilifungwa uzi mwekundu. Sahani pia. Hata kijiko, jamani.

"Mama, tumelisema hili mpaka mate yamekauka," binti alisema.

"Ninayemkinga ni nani kama si wewe?"

Kinyozi aliutazama uzi, akaondoka bila kunywa chai.

Binti alipofagia chumba cha kaka yake, aliona kopo la dawa. Lilikuwa limejaa vilevile. Alimfuata kazini, mguu mosi mguu pili.

"Kaka, dawa humezi?"

"Nimeze ili iweje? Nyumbani kwetu nimeshakuwa mteja."

Binti alichoka. Siku hiyohiyo akamleta mhudumu wa afya anayetembelea wagonjwa mtaani.

"Mama, virusi havipiti kwenye kikombe wala sahani," mhudumu alieleza. "Hupita kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu, kama mkichangia wembe, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Cha kuogopa ni lile kopo lililojaa. Akiacha dawa, virusi vinaongezeka na ataugua. Akimeza kila siku, vinapungua mpaka kipimo hakivioni. Vikibaki hivyo, hata mke atakayemwoa hatamwambukiza."

"Kwa hiyo uzi wangu haukumkinga mtu?"

"Haukumkinga mtu. Umemkatisha tamaa anayehitaji dawa."

Mama alimwonea haya mwanawe, akajionea haya mwenyewe. Kisha akachukua mkasi, akazikata nyuzi zote.

Kinyozi alirudi kliniki na mhudumu, akaanza dawa upya. Mama ndiye aliyekuwa akimkumbusha, tena kwa kelele. Miezi ikapita, na kipimo hakikuviona virusi.

Asubuhi moja vikombe vilichanganyika mezani. Mama alichukua kimoja, akapiga funda, akakunja uso.

"Sukari yote hii! Chai ya nani?"

"Yangu," kinyozi alisema.

Mama akapiga funda la pili.

"Kesho punguza sukari," akasema, akaimaliza yote.