Udongo wa Sospeter

Jioni ile nilikwenda Plano kwa rafiki yangu Kidawa kuchukua udongo wa kaburi la mume wangu.

Sospeter alifia hapa Texas kwa presha, akasafirishwa kuzikwa kwao Musoma. Mimi sikwenda. Sikuwa na karatasi. Ningetoka Marekani nisingerudi, na binti yangu Abigail angebaki na nani? Basi mama mkwe akawa ananipigia simu kila mara: mke asipotupia udongo, marehemu hajui kwamba ameshaagwa. Kidawa alipokwenda likizo Musoma nikamwomba aniletee. Nilitaka mtu yule aondoke. Sikutaka kingine.

Alinikabidhi kopo la maziwa ya unga. Akanong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu pale mlangoni.

"Mama Abi, mkweo kasema utupe kwa mkono wako, useme kwaheri. Usiuingize ndani, please. Ukiuingiza umemkaribisha."

Nikaliweka kopo kwenye kiti cha abiria, nikashika njia ya kurudi kwangu Mansfield. Jua lilikuwa linazama. Sikuwa na huzuni wala hofu. Moyo ulishakufa ganzi zamani, tangu Sospeter aliponivunja kidole kwa sababu ya chai iliyopoa, kisha akanipeleka hospitali mwenyewe, ananibembeleza njia nzima.

Nilipofika Richardson, gari likaanza kulia.

Ting... ting... ting...

Ni kengele ya mkanda. Gari langu hulia hivyo abiria akikaa bila kujifunga, na kopo lile halikufika hata kilo. Nikalisukuma pembeni. Ting... Kukanukia udongo uliolowa mvua. Kisha yakanukia mafuta yake ya nywele.

Klik.

Mlio ukakoma. Nje ya nyumba Sospeter alikuwa mtu wa kufuata sheria.

Sikugeuka. Kuishi naye kulinifundisha kutogeuka.

"Umechelewa," sauti ikanong'ona.

"Samahani."

Nilishasema kabla hata sijashtuka. Nilijichukia kwa neno lile, kidogo tu, kwa mbali.

"Twende nyumbani."

Nyumbani Abigail alikuwa peke yake, ananisubiri. Mwezi uliopita ndipo alipoanza kulala bila viatu. Enzi za baba yake alilala navyo, tayari kukimbia. Nikasema moyoni, huyu hafiki kwa mwanangu. Nikapitiliza njia ya kwetu, nikaegesha nyuma ya ghala lililofungwa, nikashuka na kopo. Nikautupa udongo wote kwenye majani, kwa mkono wangu. Likabaki neno moja tu la kusema.

Mdomo ukagoma.

Miaka yote ile sikuwahi kumuaga Sospeter. Yeye alikuwa haagwi, alikuwa anaombwa ruhusa, hata ya kwenda kanisani. Nikajaribu tena. Nikajisikia nikisema, taratibu, kwa adabu zote:

"Naomba ruhusa niende."



Nyuma yangu mlango wa gari ukafunguka... upande wa abiria. Nikasimama pale pale, mikono nimeikunja mbele, macho chini, nangoja jibu. Sijui nilisimama kwa muda gani. Najua tu kwamba sikuwaza kukimbia.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Abigail.

"Mom, where are you? I'm hungry."

"Nakuja, mama," nikamwambia. "Bado sijaruhusiwa."

Nikamsikia anavyopumua. Tangu tulipolisindikiza jeneza la baba yake uwanja wa ndege, mwanangu hakuwahi kutamka hata neno moja la Kiswahili. Nikimsemesha hunijibu kwa Kiingereza. Sasa alisogeza simu karibu kabisa na mdomo, akaninong'oneza:

"Mama... ana hasira?"