Kioo Chini ya Wali

Kipande kilichokuwamo kisandukuni kiling'aa kama dhahabu, lakini Pankaj, mkuu wa maabara, alijua ameibiwa.

"Tazama, afande." Aliweka vichujio viwili vya mwanga juu ya taa, kimoja kikikingama juu ya kingine. Giza. Akachomeka kipande kile katikati. Giza lilelile.

"Mwanga hutetemeka," alieleza. "Kichujio cha kwanza hupitisha mtetemo wa wima, cha pili hutaka wa ulalo, basi vikikingamana hakipiti kitu. Kipande changu kina vijiti vya dhahabu ambavyo unywele ni gogo mbele yake. Vinaugeuza mtetemo, na mwanga unapita. Hiki ni kioo kilichopakwa dhahabu tu!"

Inspekta Khainza alikikagua chumba. Mlango wa maabara ile ya Nalufenya, mjini Jinja, haukuvunjwa. Funguo zilikuwa kwa mlinzi, mzee Nasuru, naye alikwisha kutiwa mahabusu.

"Kile halisi, ukikikwangua, unapata dhahabu kiasi gani?"

"Hata hereni ya nzi haitoki."

"Basi mwizi wa dhahabu hakuja hapa."

Mtaalamu wa alama za vidole alikuta alama kwenye kingo za kioo kile cha bandia tu. Usoni hamna hata moja. Aliyekishika alijua vioo vya namna hiyo hushikwaje.

Mahabusu, Nasuru alikuwa ameweka kofia yake gotini.

"Mzee, nani alitoka na mzigo siku ile?"

"Mizigo yote naipekua, afande."

"Yote?"

Akaigeuza kofia. "Isipokuwa kikapu cha Ramula, yule mtafiti kijana. Si damu yangu, lakini sisi Wanubi ni jamaa moja, ananiita baba. Alikuwa anapeleka chakula cha mgonjwa Mbale. Chakula cha mgonjwa hakipekuliwi. Ni aibu."

"Na wewe ukakubali kulala hapa bila kumtaja?"

"Nimtaje kwa wali?"

Khainza akaendesha gari mpaka Mbale, mji wa kwao mwenyewe, akamwulizia Ramula. Nyuma ya maduka ya jumla alikuta zahanati ndogo. Ramula aliketi kando ya kitanda cha mpwa wake, Shadiah. Aminah, shangazi yake Ramula na muuguzi wa pale, alikuwa anakunja shuka.

"Mzee Nasuru yuko mahabusu," Khainza alisema.

Ramula aliruka. "Kwa kosa gani?"

"Kwa kikapu chako."

Binti akajifunika uso. "Nilikichukua mimi, afande. Baba hajui kitu. Kilikuwa chini ya wali, nimekifunga kwenye nailoni."

"Kwa nini?"

"Kaka yake huyu, Faraj, alitibiwa malaria mpaka tukamzika. Baadaye ndiyo tukaambiwa ni selimundu. Shadiah naye alipoanza kulia maumivu ya viungo, nikaogopa. Hapa hakuna mashine ya kipimo, ila darubini ya kawaida. Seli zilizopinda kama mundu zina nyuzi ndani, nazo huugeuza kidogo mtetemo wa mwanga. Kipande kile huzidhihirisha. Nilimwomba bosi, akasema kinasafirishwa ng'ambo, utafiti umefungwa. Nikataka siku moja tu, nikaacha cha bandia mahali pake."

"Mliziona?"

"Tuliziona! Ziling'aa kama nyasi zenye umande. Kesho yake daktari wa hospitali kuu akathibitisha. Sasa Shadiah anapata dawa yake."

"Basi kwa nini hukukirudisha?"

Shuka ilimdondoka Aminah. "Mimi ndiye, afande. Tulipomaliza, nikakisugua kwa pamba na spiriti. Kila kioo hapa tunakisugua hivyo."

Ramula alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kioo kitupu, cheupe. Vijiti vyote vilikwenda na pamba.

"Wizi ni wizi, dada," Khainza alisema kwa upole. "Nitaandika maelezo yako. Na sababu nitaiandika, neno kwa neno."

Jinja, Pankaj alikitazama kioo kitupu, kisha picha za darubini katika simu ya Ramula. Alizitazama muda mrefu zaidi.

"Ulipaswa kunionyesha hizi kwanza," alisema.

"Ulipaswa kunisikiliza, bosi."

Pankaj akamrudishia simu. Kisha akamwuliza Khainza mlalamikaji hufuta kesi vipi.

Nasuru alitolewa. Ramula akapiga magoti mlangoni pa kituo. "Nisamehe, baba. Nimekuaibisha."

Mzee akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Mgonjwa alikula?"

"Alikula, baba. Alimaliza sahani."

"Basi inuka." Akageukia inspekta. "Nikirudi langoni, afande, mizigo yote nitaipekua. Isipokuwa wa mgonjwa."