Faili za Saa Kumi Usiku

Dorotea alikutana na Masalu kwenye dirisha la vifurushi pale Posta ya Nyamagana, Jumatatu moja ya mwaka tisini na tisa, foleni ikiwa imefika barabarani. Neno la kwanza alilomwambia ni kwamba yeye ni mwizi.

Haki alikuwa nayo kidogo. Kifurushi kilichotoka Nairobi kilikuwa na jina la ofisi yake, na ndani yake zilikuwamo diski za Java, lugha ya kuandikia programu, ambazo bosi wake, Bwana Fatehali, alizisubiri wiki tatu nzima. Sasa kijana mmoja mrefu, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi, viatu vya mtumba vinavyomzidi mguu, ameshatia saini na anakipachika kifurushi kwapani.

"Kaka, hicho si chako," Dorotea alisema, akamdaka mkono wa shati.

"Ni cha bosi wangu."

"Bosi wako nani?"

"Fatehali."

"Fatehali ni bosi wangu mimi. Mwaka wa pili huu niko kwake na sijawahi kukuona."

"Mimi naanza leo," kijana akajibu. "Ila ukiendelea kunishika hivi nitachelewa siku ya kwanza, na nitamwambia ni wewe."

Foleni ikacheka. Dorotea akaachia shati, akagundua kwamba amelikunja, na kwa aibu akaanza kulinyoosha kwa kiganja. Masalu alisimama akanyooshwa, hakuharakisha. Kufika ofisini walikuwa wanataniana, na kabla mwezi haujaandama tena kila mtu pale ghorofani alijua kwamba hao wawili wamependana.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la vitambaa, jirani na mto Mirongo. Walikuwa wakiandika programu ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilichoko kando ya ziwa: programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mzani, kutoa uzito wa barafu, na kuonyesha samaki halisi ni kilo ngapi. Kila mmoja aliandika kipande chake na kukihifadhi kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, seva. Dorotea, kutoka kwenye kompyuta yake, ndiye aliyevijenga vipande vyote viwe programu moja. Hakuvijenga kwa mkono. Alikuwa na programu ya kujengea ambayo ofisi nzima iliibatiza Fundi.

Fundi alikuwa mvivu mwenye akili. Alitazama saa iliyoandikwa kwenye kila kipande. Akikuta kimeguswa baada ya ujenzi wa mwisho, alikijenga upya. Akikuta ni cha kabla ya hapo, alikiruka. Kwa hiyo kazi nzima ilisimama juu ya saa. Na saa ya seva ilikuwa mgonjwa. Betri yake ndogo ilikufa, nyingine ikaagizwa Dar isifike, na kila asubuhi seva ikiwashwa iliuliza tarehe na saa mpaka mtu aiandikie.

Mtu huyo alikuwa Dorotea. Lakini mapenzi yana mambo yake. Masalu alipenda kunywa chai kwa mama lishe wa chini kabla ya kazi, na Dorotea alipenda kumtazama akinywa. Basi akamfundisha Mzee Shimba, tarishi aliyefungua ofisi, aifanye kazi hiyo. Alimwambia ikiuliza tarehe asome kalenda, ikiuliza saa atazame mkono wake, aandike. Mzee alisema hilo dogo, na Dorotea akashuka kwenye chai yake.

Juma lilelile ndipo alipokuja Kausar.

Alikuwa mpwa wa Fatehali, amesomea kompyuta Nairobi, na siku ya kwanza aliingia na suruali pana ya shalwar ya kijani kibichi, bangili za kioo mkononi, na marashi yaliyobaki ngazini hata baada ya yeye kupita. Hilo Dorotea angelivumilia. Asilolivumilia ni kwamba binti huyu aliijua kazi. Alileta kiongezo, programu ndogo ya kuchomeka kwenye Fundi, ikafungasha programu nzima kwenye diski kwa amri moja. Masalu alikisifu kiongezo kile mara tatu kwa siku moja. Dorotea alizihesabu.

Kisha kipande cha Kausar kilitegemea kipande cha Masalu, ikabidi wakae meza moja. Jumamosi wakatumwa kiwandani pamoja, kuupima mzani. Saa sita simu ya ofisi ikalia.

"Mama Fundi, umekula?" ilikuwa sauti ya Masalu.

"Uko na nani?"

"Na sangara elfu moja."

"Na Kausar?"

"Yupo. Anawaogopa hawa korongo, amejificha nyuma yangu."

Masalu alicheka. Dorotea alisema ana kazi, akakata simu, akabaki ameitazama kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Alimwona Kausar nyuma ya mgongo ule, bangili zikigonga, na kwa wivu chakula cha mchana kikamshinda. Jioni Masalu aliporudi alikuwa kimya kuliko kawaida. Alipoulizwa ana nini, alisema amechoka.

Jumatatu iliyofuata vituko vya Fundi vikaanza kuonekana. Dorotea alikuwa na desturi ya kufuta ujenzi wa jana na kujenga kila kitu upya saa tatu asubuhi. Hapo kila kitu kilikwenda sawa. Lakini Masalu akirekebisha kosa saa nne, Dorotea akajenga tena saa tano, kosa lilikuwa palepale. Kesho yake limeondoka lenyewe. Wakatafuta, wakakuna vichwa. Dorotea alijua wa kumlaumu. Alikichomoa kiongezo cha Kausar kwa furaha ambayo hakuificha, akajenga bila hicho, akangoja kosa liondoke.

Halikuondoka. Akalazimika kukirudisha mbele ya Kausar mwenyewe, ambaye alimshukuru kwa upole kwa kukijaribu. Upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Ndipo alipofungua orodha ya faili za seva, apekue moja moja. Kipande cha Masalu kilikuwa kimehifadhiwa saa 4:10. Cha Kausar, saa 4:25. Kompyuta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane; nne yake ni saa kumi ya usiku, watu wote wamelala. Akatazama za siku ya kabla yake: saa tisa usiku, saa kumi na moja kasoro. Wote wawili, wakipishana dakika kumi, dakika kumi na tano. Za wengine hakuzitazama. Na mbali na Mzee Shimba, funguo za ofisi alikuwa nazo Kausar, kwa kuwa duka na jengo vilikuwa vya mjomba wake.

Dorotea alisikia masikio yakipata moto. Kumbe ndiyo maana ya ukimya wa Jumamosi. Ndiyo maana ya uchovu.

Hapo mtu mwenye akili zake angeuliza. Dorotea akili alikuwa nazo nyingi, lakini hakuuliza. Aliacha kushuka kwenye chai. Masalu akimsalimia, alijibu kama anayejibu mteja. Alipomfuata na kumuuliza amemkosea nini, Dorotea alimwambia amuulize mwenye funguo, akaondoka, akamwacha amesimama kwenye ngazi hajui ni funguo zipi. Hata Masalu aliposhinda akipiga simu kwenye duka la jirani wa kina Dorotea, kule Igoma, Dorotea alimwagiza mdogo wake aseme hayupo. Siku zikaenda hivyo, siku tisa.

Siku ya tisa wakubwa wa kiwanda walikuja kuitazama programu. Saa tano asubuhi ile Dorotea alijenga kwa mara ya mwisho, na kwenye kioo cha kompyuta aliona wazi Fundi akiorodhesha vipande anavyovijenga. Cha Masalu hakikuwamo. Alikuwa amekirekebisha saa nne na nusu, hesabu ya barafu ikakaa sawa, na Fundi amekiruka. Ilikuwa sentensi moja tu kumwambia Fatehali. Alimtazama Masalu, akamwona ameinama pamoja na Kausar juu ya karatasi moja, nywele za yule binti zinakaribia bega lake, na sentensi ikarudi ndani.

Saa nane programu ilipima samaki pamoja na barafu yake, mbele ya wageni. Masalu alisema amelirekebisha kosa hilo asubuhi. Fatehali, mtu asiyepaza sauti, alimwambia taratibu kwamba mwezi huu amalizie kiwandani akiandika uzito kwa mkono, na mwezi ujao atafute kwingine. Masalu akamgeukia Dorotea. Ndiye mjenzi, akisema neno, litasikika. Dorotea alikunja nyaya.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema kuliko siku zote, kwa sababu usingizi ulimkataa. Alimngoja Mzee Shimba mlangoni, mzee akafungua, wakaingia. Alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akamuuliza mbona amekonda, kisha akaenda kuwasha seva. Seva ikauliza tarehe. Mzee akasoma kalenda, akaandika. Ikauliza saa. Mzee akainua mkono, akaisogeza saa yake karibu na macho.

"Saa moja na nusu," alijisemea, akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akabonyeza sifuri.

"Mzee," Dorotea akasema, "umeandika nini hapo?"

"Saa, mwanangu. Si ndivyo ulivyonifundisha? Sasa hivi ni saa moja na nusu, nimeandika moja na nusu."

Dorotea akaja kuitazama seva. Mzee aliandika saa kama tunavyoihesabu sote, na kompyuta ikaisoma kama inavyohesabu yenyewe, nyuma saa sita. Kila alichohifadhi Masalu saa nne asubuhi kwenye seva kilipigwa muhuri wa saa kumi usiku. Na Fundi, akiangalia ujenzi wa saa tatu uliofanyika kwenye kompyuta ya Dorotea, yenye saa sahihi, aliona kipande cha zamani, akakiruka. Hapakuwa na usiku wowote. Palikuwa na asubuhi, na watu wawili wakifanya kazi yao, na yeye Dorotea, aliyekosa hata subira ya kumweleza mzee kwa sababu alikuwa anakimbilia chai.

Fatehali alipofika alimkuta mlangoni. Alimweleza yote, na la Fundi kukiruka kipande hakuliacha: alisema aliliona, akanyamaza makusudi. Fatehali alivua miwani, akamuuliza kwa nini. Dorotea akasema wivu.

"Masalu arudi leo," Fatehali akasema, akiirudisha miwani. "Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia. Na kuhusu wewe nitafikiri."

Kausar alikuwa ameyasikia yote kutoka ngazini. Alimfuata Dorotea mpaka nje, akamshika kiwiko.

"Dada, kila usiku nililala kwa mama mdogo, kule Makoroboi. Lakini sitaki uondoke ukidhani umeota. Ile Jumamosi kiwandani nilimwambia Masalu nampenda. Akanijibu ana mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Sijamwambia tena."

Dorotea alitaka kumchukia, nafasi akaikosa. Akasema asante, akapanda gari la kwenda kiwandani.

Masalu alikuwa kwenye gati, amevaa buti nyeupe za mpira na koti lenye damu ya samaki, daftari mkononi. Korongo walisimama juu ya mawe, wanangoja matumbo ya sangara. Dorotea alikuja na gauni lake zuri la kitenge, viatu vikizama kwenye maji ya barafu, akamweleza habari ya saa ya Mzee Shimba, ya orodha, ya Fundi, na kwamba Fatehali ameambiwa. Hakujitetea. Masalu alisikiliza akiandika uzito wa samaki wa mitumbwi miwili kabla ya kufunga daftari.

"Saa imekosea saa sita," alisema. "Wewe umenikosea siku tisa. Na jana uliniona nazama, Doro."

"Nilikuona."

"Ungeniuliza tu."

"Naogopa kuuliza. Nikiuliza nitajibiwa."

"Kaa hapa. Uliza sasa."

Walikaa juu ya makreti matupu. Dorotea akauliza kuhusu Jumamosi ile, na Masalu hakupunguza kitu: walivyosimama, Kausar alivyosema, alivyomjibu, na kwamba alinyamaza kwa kuogopa Dorotea angeligeuza kuwa jingine.

"Alipokuambia anakupenda, ulijisikiaje?"

"Nilifurahi. Nisikudanganye. Nilifurahi siku nzima."

Dorotea akaanza kuinuka. Lango la kiwanda lilikuwa wazi, gari lilelile bado linageuza. Alijua jinsi ya kuondoka. Siku tisa alikuwa anajizoeza. Akaushika ukingo wa kreti kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, wivu ukimwaka vilevile, na akakaa.

Masalu alingoja mpaka gari likaondoka bila Dorotea.

"Nilitaka kuona kama utalisikia hilo na bado uwe hapa," alisema. "Jumapili nakwenda nyumbani Magu. Mama amenihimiza mwaka mzima nimpelekee mchumba. Utakuja?"

"Na Kausar umemwambia unanichumbia?"

"Hapana."

"Mwambie," Dorotea akasema, akijifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Mwambie leo, mbele yangu. Halafu nitakuja."