Sweta la Kijani Lenye Kiraka cha Nyota

"Bibi Cherehani, umemtuma mtu aje kumchukua Kidoti?"

Alikuwa mlinzi wa getini shuleni, kwenye simu. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali, sindano imezama katikati ya kola.

"Mtu gani?"

"Mwanaume. Kofia nyeusi. Anasema macho yamekuzidia leo, kaja badala yako."

Jamani... nikaiacha sindano palepale!

Sikumtuma mtu. Mjukuu wangu huwa namfuata mimi mwenyewe kila siku saa nane na nusu mchana, jua liwake, mvua inyeshe. Na macho yangu kweli yananisumbua. Yeye alijuaje?

"Usimpe! Usimpe mtoto wangu!"

"Sijampa, Bibi. Yuko ndani kwa mwalimu. Wewe njoo."

Nilitoka na utepe wa kupimia shingoni, kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Nilipofika yule mtu alikuwa ameshayeyuka. Kidoti nilimkuta kwa mwalimu anachora ng'ombe, hana habari. Nikamkumbatia mpaka akalalamika, "Bibi, utepe wako unanikaba!"

Nikamrudia mlinzi.

"Ulimjuaje kuwa ni mwongo?"

"Nilimtega. Nikamwambia, 'Bibi kasemaje kuhusu suruali yangu?' Akajibu bila hata kupepesa, 'Kasema itakuwa tayari kesho.'" Akajipiga gotini. "Si hii hapa nimeivaa tangu Jumatatu!"

Nilitamani kucheka. Lakini mlinzi aliendelea, na kicheko kikanikauka.

"Ila Bibi, yule mtu alikuja na kila kitu. Jina la Kidoti analijua. Jino la mbele lililong'oka, analijua. Mpaka sweta! Kaniambia, 'Yule mwenye sweta la kijani, kiraka cha nyota kiwiko cha kushoto.'"

Wapenzi wasomaji, simameni na mimi hapa kidogo.

Kiraka kile nilikishona jana yake jioni. Kitambaa cha njano, pembe tano, uzi mara mbili. Mtoto alilivaa sweta lile likiwa na kiraka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, tena ndani ya koti la mvua mpaka mlangoni mwa darasa!

Nje ya darasa, nani alikuwa amekiona kile kiraka?

Watu watatu tu. Mimi. Kidoti mwenyewe. Na mama yake...

Mama yake!

Mkwe wangu huyo ni msusi, na simu haibanduki mkononi mwake. Akimaliza kichwa cha mtu lazima akirekodi video. Amgeuze kushoto, amgeuze kulia, aweke na muziki. Mwanangu ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani. Na juzi tu, nikianua nguo uani, nilimsikia mkwe ananong'ona kwenye simu: "Bibi asijue kwanza."

Nisijue nini?

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu za kichwani, na kila hesabu ilimwangukia yeye. Alipoingia jioni nilikuwa nimeshakaa mezani, namsubiri. Hata maji ya kunywa sikumpa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Leta simu."

"Mama, kuna nini?"

"Mtoto amekoswakoswa kuibwa! Na aliyetaka kumwiba kaelekezwa na mtu wa humu ndani. Leta simu!"

Alishika ukuta.

"Kidoti yuko wapi?"

"Chumbani, mzima. Simu!"

"Mama... unanishuku mimi? Nimemzaa mimi yule!"

"Na ulikuwa unanong'ona nini uani? Nisijue nini?"

Machozi yakamtoka.

"Miwani, Mama. Nilikuwa naongea na fundi miwani. Nilitaka nikushtukize."

Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa hodi moja. Nikaichukua ile simu, nikapekua kwa kidole. Misuko. Visogo. Misuko tena. Hata ukucha wa mtoto sikuuona!

"Sijawahi kumweka Kidoti humu, Mama. Hata siku moja. Sasa fungua ya kwako."

"Yangu ina nini? Mimi naonyesha kushona tu!"

"Fungua, Mama."

Akaunti yangu ya video alinifungulia Kidoti likizo iliyopita. "Bibi, wateja wako huku!" Nikanogewa. Kila jioni naegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, najirekodi.

Tukaitazama video ya jana yake.

Mikono yangu. Nyota ya njano. Halafu sauti yangu mwenyewe: "Kidoti, njoo ujaribishe!" Mtoto anaingia, anacheka na pengo lake, anageuka kama nilivyomfundisha. Beji ya shule ikajaa kioo kizima.

Mkwe akashusha kidole kwenye maoni. Kuna mmoja hakosi kila video, anajiita Mama Pacha. Picha yake ni viatu viwili vya mtoto.

"Bibi, anasoma shule gani? Na wangu nataka washonewe hivyo." Nikajibu.

"Mtoto wa miaka minane vipimo vyake vipi?" Nikajibu. Urefu, kifua, mkono!

"Unatoka saa ngapi kumchukua, nisije nikakukosa?" Nikajibu!

"Nimekusikia kwenye video ukilalamikia macho, pole Bibi." Nikajibu, "Asante mwanangu."

Miaka arobaini ya cherehani imenifundisha kutomwacha mteja bila jibu. Ile adabu ndiyo iliyomfikisha yule mtu getini.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia mkwe.

Alinisogezea kiti karibu yake, tukaanza kazi. Kwanza akahifadhi picha za yale maoni yote, kesho yake tukayapeleka polisi. Ndipo tukafuta video zote za mtoto. Sasa naonyesha kitambaa na mikono tu, tena bila beji. Na nyumbani tuna neno la siri. Asiyelijua hamchukui Kidoti, hata aje na kofia ya dhahabu. Siwaambii ni neno gani. Ugonjwa huo nimeshapona!

Mabibi wenzangu, mama zangu, kabla hujaiweka video ya mtoto, itazame kwa macho ya mtu usiyemjua. Jina, sare, saa, njia. Mwizi hahitaji kuvunja mlango aliofunguliwa.

Siku ya tatu, nimevaa miwani yangu mipya, simu ikalia mezani: ujumbe mpya.

Mama Pacha.

"Bibi, mbona video zimepotea? Kidoti hajambo?"

Nikampa mkwe ile simu aongeze kwenye ushahidi. Na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini, nikamwacha mteja bila jibu.