Usimeze, Mwalimu

Siku ya kumi na moja tangu awekewe meno ya bandia, Mwalimu Demetria alikuwa amechoka kula. Si kukichoka chakula, bali kuichoka kazi yenyewe ya kula. Daktari alimwambia akate vipande vidogo, atafunie pande zote mbili, asing'ate kwa meno ya mbele, na awe na subira. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili, leo anafundishwa subira! Fizi zilimwaka. Meno ya chini hayakutulia. Na ile plastiki ya juu ilifunika kaakaa lote hata ladha ikampotea: chai, uji, mchuzi wa samaki, vyote kwake vilikuwa maji ya uvuguvugu.

Jioni hiyo alitoka kwenda kununua mtindi, hapo hapo mtaani kwao Pugu, akashika njia ya mkato inayopita kando ya msitu. Jua lilikuwa linazama.

Kwenye kona akakuta turubai. Msiba. Viti vya plastiki, masufuria makubwa, watu kama ishirini wamekaa kimya na sahani mapajani. Asubuhi turubai hilo halikuwepo, lakini msiba unaweza kutokea saa yoyote.

"Karibu chakula, mama," mwanamke mmoja alisema bila kuinua uso.

Kukataa chakula cha msiba ni aibu. Na miguu ilikuwa imechoka. Akakaa, akapokea sahani ya wali na nyama, akatia tonge mdomoni.

Ka... ka... ka...

Meno yake yalikuwa yanagongana. Ndivyo yalivyo kila siku, ndiyo maana anaona haya kula mbele za watu. Akapunguza kasi. Ka... ka... Hapo akagundua kwamba ni yeye peke yake anayesikika. Watu ishirini wanakula, na hakuna kijiko kinachogusa sahani, hakuna anayekohoa. Masufuria yanatokota, lakini hakuna harufu ya moshi. Hakuna harufu yoyote.

Akainua macho. Walikuwa wanamtazama mdomo.

Wote.

Mkono wa baridi ukamgusa kiwiko. Msichana wa kiti cha kando aliinama kama anayeokota kitu chini.

"Shikamoo, mwalimu," alinong'ona. "Usimeze."

Demetria aliijua sauti ile kabla hajauona uso. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma. Alikuwa Vaileth, binti wa jirani yake Bupe.

Vaileth walimzika mwaka juzi.

Tonge lilikuwa bado mdomoni, maana kwa meno yale tonge moja lilimchukua dakika nzima. Akatoa kitambaa, kile ambacho siku hizi hatembei bila kuwa nacho, akajifanya anapangusa mate, akalitema lote. Akainuka.

"Asanteni. Poleni na msiba."

Akaondoka kwa kutembea, kwani magoti yake hayakuwa na mbio tena. Nyuma yake akasikia viti vikiburutwa. Kimoja... kingine... kingine... Havikunyamaza mpaka alipofika kwenye taa za dukani.

Mtindi hakununua. Akaenda moja kwa moja kwa Bupe, akamweleza yote. Angelalaje na jambo kama lile, na mama wa marehemu yuko upande wa pili wa ukuta?

Bupe alisikiliza mkono shavuni. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Amekonda?"

"Sikumwona vizuri, mama Vaileth. Kiza kilishaanza kuingia."

"Nipe hicho kitambaa."

Kabla Demetria hajamzuia, Bupe alishachukua punje mbili za wali, akaziweka kwenye ulimi.

"Hauna chumvi," alisema. "Hata kidogo. Bibi yangu alikuwa akituambia, chakula cha wale watu hakitiwi chumvi. Wewe hukujua?"

"Tangu niwekewe meno haya sijui chumvi wala sukari. Tema, Bupe."

Bupe alikikunja kitambaa taratibu.

"Tema!"

"Nimeshameza."

Asubuhi walikwenda pamoja. Pale konani palikuwa na msingi wa nyumba ambao mwenyewe aliutelekeza, nyasi zimejaa ndani. Hapakuwa na jivu wala alama ya kiti. Bupe akaliita jina la mwanawe mara tatu kuelekea msituni. Kimya. Demetria akamsihi waende kwa padri, Bupe akasema wataenda Jumapili.

Hawakwenda. Tangu siku hiyo, jua likianza kushuka, Bupe hujitanda khanga akatoka, na hurudi giza likiwa limeshaingia, uso umetulia. Jiko lake halijawashwa wiki ya tatu sasa.

Demetria ameyazoea meno yake. Anakula hata mahindi ya kuchoma, ingawa hafurahii. Juzi alipika wali wa nazi na maharage, akampelekea jirani yake. Bupe akaipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akairudisha bila kuifunua.

"Nimeshakula, mwalimu."

"Umekula wapi, Bupe?"

Bupe alijitanda khanga yake upya, kama mtu aliyechoka kuulizwa.

"Vaileth analia kila nikila," alisema. "Lakini nisipokula, hawanipi kiti."