Jiwe la Buhene

Saa nane mchana, jua likiwa limeichoma lava mpaka ndala zinanata, jiwe moja lilikuwa limelowa. Domitille alilikuta akisawazisha kiwanja chake pale Buhene, pembezoni mwa Goma. Akadhani mtu amemwaga maji, akalifuta kwa kitenge. Likalowa tena.

Kiwanja kilikuwa chake kabisa. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa chini ya miguu yake, imezikwa na lava ya mlima Nyiragongo ya mwaka 2021 pamoja na vitanda, sufuria na picha za harusi. Tangu hapo alikuwa ameishi kwa shemeji, kisha kwenye hema, kisha kwenye chumba kinachovuja kule Mabanga. Aliporudi na nyundo kuvunja mawe ajenge juu ya nyumba yake iliyokufa, aliapa kwamba hatahama tena. Mimi namwelewa. Mtu akihamishwa sana hufika mahali akawa mkaidi kuliko punda, na ana haki.

Tena watu wa Goma hatutupi jiwe. Mlima ukishakuchomea nyumba, unachukua mawe yake unajengea nyingine, ndivyo tulivyozoea. Jiwe lile lilikuwa na upande mmoja uliobonyea, na ndani ya ule mbonyeo mlikuwa na umbo lenye mikunjo laini. Domitille aliona litapendeza. Fundi akalipachika kwenye ukuta wa chumba cha kulala, mbonyeo ukitazama ndani, karibu na kitanda cha mtoto wake Ange, ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza.

Hawajakaa sana, Ange akaanza kubanwa kifua. Kwenye kituo cha afya walimsikiliza wakasema mapafu ni mazima, na kweli huko alipumua vizuri. Akirudishwa chumbani, pumzi inakatika, na chumba kinanuka kiberiti. Edmond, mume wa Domitille, karani mpole mwenye asili ya Bukavu kama mkewe, akaanza kuzungumzia kurudi kwao.

Domitille hakufunga mizigo. Alimwita jirani yao Célestin, mwalimu wa mambo ya miamba chuoni, amwambie lile ni jiwe gani. Alikuwa amesikia redioni kwamba wanyama wa zamani huacha alama kwenye mawe. Célestin alikuja akicheka. Alieleza kwamba lava haihifadhi mnyama, inamteketeza. Labda ulikuwa mti mbichi, maana lava huuzunguka mti, mti ukaungua, pakabaki uwazi wenye umbo lake. Njia ya kujua ni kujaza plasta. Akapaka sabuni kwenye mbonyeo, akasukumia plasta, wakanywa chai ikikauka, akaibandua.

Kilichotoka mikononi mwake kilikuwa uso. Mashavu, pua, kope zilizofumbwa. Penye mdomo plasta haikushika, kwa sababu hapo jiwe lilikuwa na tundu linalokwenda ndani sana.

“Mama Ange,” Célestin alisema kwa sauti ya chini, “mwili ya mutu ingeungua mbele ya lava kukauka. Kitu yenye iliacha hii alama, yenyewe haikuungua.”

Akaomba mshumaa. Sote tunaogopa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi na watoto kwenye mabonde, na kipimo chake ni moto: ukizimika, unakimbia. Nadhani Célestin aliomba moyoni iwe mazuku, kwa kuwa mazuku yamo vitabuni mwake. Lakini moto haukuzimika, uliinama ukaelekea ndani ya tundu, ukatulia, ukainama tena kuja nje, ukarudi ndani, na Domitille, aliyembeba Ange mgongoni, akahisi kile kifua kidogo kikinywea kila jiwe lilipovuta, na kila mara jiwe lilivuta kwa muda mrefu zaidi, na mtoto akabaki na kidogo zaidi.

Wakamleta Mama Nyiramahirwe wa Rutshuru, mwombezi anayejua pia mambo ya wazee. Aligoma kuvuka kizingiti. Alinong'ona kwamba wafu wabaya hutupwa kwenye moto wa Nyiragongo, na huyu alitoka na lava akitafuta pa kukaa. Wasivunje jiwe, pumzi ya mtoto imo ndani, itamwagika. Wamwachie nyumba waondoke kimya, huenda akamwachilia mtoto. Edmond alikuwa ameshanyanyua godoro.

“Tumuachie, Domi. Ni nyumba tu.”

“Ya kwanza tuliachia mulima. Iyi siiachi, na mutoto simuachi.”

Alimkabidhi Ange kwa baba yake, akapiga magoti mbele ya ukuta, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa jiwe, baridi, umelowa, unanuka kiberiti mpaka machozi yakamtoka, na jiwe lilipovuta, naye akavuta kwa nguvu zaidi, na mwanzoni kikaja kitu chembamba chenye utamu wa maziwa, akakijua mara moja kuwa ni cha mwanawe, lakini nyuma yake kikafuata kitu kingine, kizito, cha majivu, kinachong'ang'ania kuta za tundu kisitoke, naye hakuthubutu kuacha, akavuta, Edmond akimwita, Nyiramahirwe akisali mlangoni, mpaka jiwe likakauka.

Akageuka, akambusu mtoto mdomoni. Alitoa pumzi ile tamu tu. Ile nyingine aliimeza.

Ange akalia, kilio kikubwa cha hasira, na Edmond akalia pamoja naye bila kuona haya. Nyiramahirwe hakushangilia. Alikitazama kifua cha Domitille, akauliza taratibu yule mwingine amekwenda wapi.

Ndani ya Domitille kitu kiligeuka, kikajinyoosha, kikapumua pale yeye alipokuwa hapumui. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akajigonga kifuani kwa kiganja, namna mtu anavyogonga mlango wa mpangaji msumbufu.

“Sikiliza muzuri,” alisema. “Humu mwenye nyumba ni miye. Utakaa penye nitakuweka.”

Wote wakangoja. Kile kitu kikashusha pumzi polepole, kikakaa.