Rekodi Mbili Zilizobadilishana Nyumba

Kilichoibwa kilikuwa sauti. Saa tano asubuhi, katika makumbusho ya kiwanda cha sufu cha Tarrabel, mjini Ballarat, faili lililoitwa "Safi" lilifunguliwa mbele ya wageni. Likatoa mikwaruzo.

"Miezi sita tumeisafisha hotuba ya meneja wa mwisho, Inspekta!" alifoka mkurugenzi, Bronwyn Hallam. "Leo uchafu wote umerudi. Na saa kumi na moja jioni faili la 'Kuukuu', lile la awali lenye mikwaruzo, linafutwa."

Inspekta Narelle Tregenza alilifungua hilo "Kuukuu". Meneja akasikika vizuri kabisa.

"Hakuna kilichopotea," alisema. "Vilivyomo vimebadilishana. Jioni mngeifuta ile safi."

Kumbukumbu za kompyuta zilithibitisha. Mafaili yote mawili yalibadilika kwa mpigo mmoja, saa nne na dakika nane, bila nakala ya tatu. Ama yote yahame, ama yote yabaki. Hata umeme ungekatika, hakuna ambalo lingebaki nusu. Ilikuwa kazi ya fundi, tena fundi mwenye huruma.

Saa nne ni chai. Pale Tarrabel hata nyumba ikiungua, watu hunywa chai kwanza. Narelle alikwenda jikoni. Vikombe vitano vilikuwa vimelowa. Cha sita, kilichoandikwa Merv, kilikuwa kikavu.

Merv Oakeshott, mzee wa kompyuta, alikuwa mezani pake; hakuinua macho.

"Hukunywa chai leo, mzee?"

"Sikuwa na kiu."

"Saa nne? Kawadanganye watu wa Sydney."

Merv alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Ni mimi. Nilimwomba bosi mara mbili asiifute. Safi inaweza kusafishwa tena, Inspekta. Kuukuu ikifutwa, hairudi."

"Ungeinakili tu, ukaenda nayo nyumbani."

"Huo ni wizi! Mimi si mwizi."

Akabonyeza faili la "Safi". Nyuma ya meneja, ndani ya mikwaruzo, magurudumu ya toroli yalilia, na mwanamke akapaza sauti: "Chai, wapenzi! Merv, yako sukari tatu!"

"Dulcie, mke wangu. Miaka kumi na tisa alisukuma toroli la chai hapa. Sina sauti yake nyingine." Alijifuta uso. "Kwenye ile safi, wamemsafisha."

Bronwyn alikuwa amesimama mlangoni.

"Zirudishe mahali pake, Merv," alisema hatimaye. "Kisha ule ufutaji wa saa kumi na moja uondoe kwenye ratiba."

Akachukua kile kikombe kikavu.

"Bado ni sukari tatu?"